Nilisema Camp ya Meno Haina Ganzi

Hapana, hakuna mtu alinituma. Ni mimi na hii domo yangu, mwanamke mzee wa Bondeni ambaye hata jina lake hajui kuandika. Binti wa salon ndiye ananiandikia, na nimemwambia asinipake mafuta.

Mnawajua hao watu wa kutuokoa na simu. Chebet, msichana wa afya hupita kwa nyumba zetu na begi mgongoni, alituma meseji kwa grupu ya wamama wa plot: camp ya meno, Jumamosi, uwanja wa shule, bure. Kisha akatuma na voice, juu wengine wetu kusoma ni shida. Sauti kama ya mtu anabembeleza mtoto alale: "Wapendwa wamama, tusikose, sawa?"

Nikaona ni dharau. Haya meno maji ya borehole imeyafanya kahawia tangu tukiwa wadogo, leo ndio ametuonea huruma?

Sasa mimi kuiga watu nilizaliwa nayo. Naiga pasta, naiga caretaker akidai rent, naiga hata vile chief hukohoa. Nikabonyeza simu, nikawa Chebet: "Wapendwa wamama, ganzi imeisha, kila mtu abebe leso ya kuuma. Madaktari ni wanafunzi, wanakuja kujifunzia kwa mdomo yako, sawa?"

Wamama wakacheka mpaka machozi. Lakini simu ni mjinga kunishinda! Voice ikatoka kwa grupu, kicheko ikabaki. Ikafika mtaa wa Section 58, ikafika grupu ya kanisa, na huko kila mtu aliamini ni Chebet anaongea.

Ijumaa akaingia Mama Nekesa. Tumekaa mlango kwa mlango tangu bwana zetu wakiwa kiwanda moja. Jino lilikuwa linamtesa, analala na karafuu mdomoni, na kitu alikuwa anangoja ni hiyo camp tu. Yeye hayuko kwa grupu ya plot, voice ilimfikia kwa ile ya kanisa, akaniuliza kama nimesikia Chebet akisema hakuna ganzi. Yeye hawezi, akasema, heri akae na uchungu yake.

Hapo ndio dhambi yangu iko. Ningesema, "Mama Nekesa, ni mimi." Badala yake nikafurahi. Kumbe hata yeye hajanijua kwa sauti! Nikatingisha kichwa, nikamwambia hao madaktari ni wa kuogopwa kweli.

Jumamosi madaktari walikaa kwa tenti wakifukuza nzi. Chebet alipigia watu mmoja mmoja, wakamkatia simu: si ni wewe ulisema?

Wiki mbili baadaye taya ya Mama Nekesa ilifura mpaka shingoni, hata mate hawezi kumeza. Hospitali walimpasua chini ya kidevu watoe usaha. Alirudi na kovu, na mdomo inafunguka upana wa kijiko moja tu. Mwenye alikuwa akianzisha nyimbo za wamama kanisani!

Wewe mcheshi wa grupu, unajiona moto. Ukituma upuzi na sauti ya mtu, sema ni wewe kabla mgonjwa hajaamini. Mimi nilichelewa.

Nilimpelekea Mama Nekesa uji, nikamwambia yote, nikapiga magoti hapo kwa simiti nikilia. Alisukuma kikombe ya uji kando. Halafu akaongea na hiyo mdomo kidogo amebaki nayo:

"Na hapa unalia na sauti ya nani?"