Kichanja cha Mama Sesi

Dagaa zikinyeshewa zina harufu yake. Siyo ya kuvunda, hiyo inakuja kesho yake. Hii ni kama chuma kilicholala kwenye matope, na ikinipata popote, hata sokoni Buswelu, naishiwa maneno. Wanaonijua watashangaa, maana mimi kuongea siachi.

Nilikuwa na miaka kumi. Alinilea Shangazi Kabula, pale Igogo, mwanamke asiye na mtoto, wa kuanika dagaa kutwa na kuimba kwaya Jumapili. Zamani aliwahi kupika kwa fundi mitambo mmoja, mtu wa Sri Lanka. Yule bwana kila asubuhi alikaa kimya kabla ya chai. Shangazi akamuuliza, "Unamsubiri nani?" Ndo ikaanza hapo. Miaka mitatu, Shangazi anamenya vitunguu huku anafundishwa Budha alisema nini.

Aliporudi kwenye dagaa akawa anawasimulia wenzake. Maneno makubwa hakuwa nayo, jamani. "Budha anasema mateso mengi yanaanzia kwenye 'yangu'. Sisi hapa tunalijua hilo. Mvua ikitanda, nani anauliza dagaa za nani?"

Kweli. Pale ufukweni wingu likitokea ziwani unaanua zilizo karibu yako. Za nani, mtajua baadaye.

"Huyo Budha alikuwa na mke?" aliuliza Mama Tabu.

"Alikuwa naye. Akamwacha, akaenda msituni kutafuta utulivu."

"Kumbe! Basi na wangu ni Budha, ila utulivu wake yeye uko Ukerewe, una watoto wawili."

Walicheka mpaka wakashika vichanja. Mama Sesi peke yake hakucheka. "Endeleeni kumsikiliza na sanamu lake," akasema. "Hajazaa mtoto, anazaa maneno."

Shangazi akatabasamu tu. "Dada, leo umeamka na jua kali." Akaendelea kugeuza dagaa.  Kumtukana Shangazi mbele yangu! Usiku mzima nilipanga matusi.

Kesho yake wanawake walienda kupokea mitumbwi, nikaachwa niangalie vichanja. Wingu likaja haraka. Nilikimbia kama mwehu: nikaanua za Shangazi, za Mama Tabu, za watu hata siwajui. Kichanja cha Mama Sesi kilikuwa katikati. Nilikipita mara nne, mikono mitupu. Halafu nikasimama chini ya bati, nikaangalia mvua ikizipiga. Niliona raha, sitadanganya.

Waliporudi, Mama Sesi hakupiga kelele. Alichuchumaa akawa anazichota kwa viganja, zinapita kwenye vidole. "Mlisema hapa hakuna cha mtu," alisema. "Si mlisema?"

Shangazi aliangalia vichanja vyote vitupu, kisha akaniangalia mimi.

"Mtoto hana kosa," akasema. "Nilimwambia hicho akiache, nitakuja kukianua mwenyewe." Akambebea Mama Sesi gunia letu zima.

Kuanzia hapo wingu likitanda kila mwanamke alikimbilia cha kwake. Na Shangazi akianza, "Budha anasema," walikuwa na haraka ya kwenda mahali. Baadaye akaacha kuanza.

Siku hizi nimesoma mwenyewe, kwenye simu na vitabu vya kuazima. Vijana wanakuja kunisikiliza nikieleza mambo ya Budha. Nawapa mifano ya bodaboda, ya bando kuisha, wanaelewa kabisa. Huu wa mvua sijawahi kuwapa.

Nilidhani nimemtetea. Nilichelewa sana kuona kwamba tusi la Mama Sesi lilipita siku ileile, wenzake hata hawakulishika. Mimi ndo niliyewaonyesha kwamba anachofundisha Shangazi hakishiki hata ndani ya nyumba yake. Na yeye, asiyemdanganya hata mteja, akadanganya mbele ya wote kwa ajili yangu.

Mama Sesi yupo, anauza dagaa Kisesa. Namba yake ninayo. Mara mbili nimepiga, akasema, "Haloo, nani mwenzangu?" Nikakata.