Saa Zilizosomewa Wodini

Wiki iliyopita nilikuwa Nangurukuru nikisubiri basi la Lindi, nimekaa kwenye banda la mama muuza chai na chapati. Nilikuwa nimenuna, maana basi lilichelewa. Mara akaingia binti yake, mwanachuo, ametoka Dar es Salaam na begi lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona huketi? Maulidi ya mahafali yako nimeyatangaza mpaka Somanga!"

"Yaahirishe, mama. Sihitimu mwaka huu. Krediti hazijatimia."

"Krediti ndiyo nini?"

"Saa za masomo. Zisipotimia, hupewi digrii. Mimi nimepungukiwa masomo mawili."

Mama akageuza chapati. "Na hizo saa ulizipeleka wapi?"

Binti akainama. "Si ule muhula niliokuja kukuuguza wodini?"

"Ulisema chuo kimekuruhusu!"

"Kiliniruhusu kuondoka, mama. Saa hazikunifuata."

Mama akaacha chapati ikiungua. Akamshika binti mashavu yote mawili kwa mikono yenye unga.

"Maulidi yapo palepale. Tutashukuru kwamba mimi nimepona. Ya digrii tutasoma mwakani. Na pilau napika mwenyewe."

Akanigeukia. "Na wewe uje, wala usinune."

Chuo kina haki yake, saa za wodini haziingii kwenye digrii. Ila Jumapili nilikwenda kwenye yale maulidi. Wasomaji wangu, pilau iliyopikwa na mtu aliyekaribia kusomewa hitima ni tamu, acheni tu.