Mama Espoir na Pikipiki Iliyovuja

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila theluji inapoanza kuyeyuka huku ughaibuni, Columbia Heights. Nilikuwa kijana, nimetoka Kigoma si zamani, nafanya kazi kwenye ghala moja kule Eden Prairie. Kwenda ni basi juu ya basi, kurudi hivyo hivyo, na Jumapili nyingi nilikuwa zamu. Usicheke, lakini kuna wiki zilipita sijasikia mtu akilitaja jina langu.

Siku hiyo simu ikalia. Alikuwa Mama Espoir, mjane wa Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu, niliyemfahamu kanisani, siku chache nilizopata kwenda. Alijua kwamba kabla ya kuja huku nilikuwa fundi pikipiki kwenye gereji ya mjomba wangu. Mwanawe, Espoir, dereva wa lori la masafa marefu, alikuwa amemwachia pikipiki yake, zile ndefu za kurukia matuta ya udongo, na sasa ilikuwa inavuja. Nikaenda. Kumbe ni klipu tu, ile pete ya chuma inayobana mpira wa rejeta, imelegea, na yale maji ya kijani ya kupoza injini yamesambaa sakafuni. Nikaikaza kwa bisibisi, nikajaza maji, nikanawa mikono. Akanipakulia ugali na sombe, yaani kisamvu, tukaongea mpaka chakula kikapoa.

Haikupita muda, ikavuja tena. Nikabadilisha klipu, ikavuja. Nikabadilisha na mpira wenyewe, ikavuja. Nikaanza kujitilia shaka na ufundi wangu wote, maana pikipiki iliyosimama tu haitikisiki, sasa nini kinalegeza klipu? Nikainama na tochi. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimekwaruzwa, na mikwaruzo ile haikuwa ya bisibisi, ilikuwa ya kisu cha mezani.

Nikaingia jikoni. "Mama, kuna mtu anaifungua ile klipu."

Hakubabaika hata kidogo. Aliendelea kuchambua mboga zake za lengalenga. "Ni mimi."

"Kwa nini, Mama?"

"Mutoto yangu, nikuulize. Ile pikipiki ikiwa muzima, ungekuya hapa hata siku moja?"

Nikaiweka tochi mezani.

"Kwetu mutu anapita tu, anapiga hodi, anakaa," akasema. "Huku kila mutu niko busy, niko busy. Sasa nikuite juu ya nini? Nikuambie ninalia?"

Maneno yale yaliniingia, mwanangu. Muda wote huo nilijiona mimi ndiye ninayemsaidia. Nilipaswa kumwambia pale pale kwamba hata mimi nilikuwa nakaa chumbani kwangu nikiitazama simu, nikiomba pikipiki yake iharibike. Nikaona haya. Nikakaza klipu, nikaaga, na kwa kuwa sikuitwa tena, sikwenda tena.

Joto lilipoingia, Espoir akaja bila taarifa. Mama yake, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa ameshailegeza klipu tena, anangoja itone ndipo anipigie. Kabla hajajua la kufanya, mwanawe amewasha na kuondoka. Maji yakaishia njiani, injini ikachemka mpaka ikazima. Safari hii aliyenipigia simu ni Espoir mwenyewe, na alikuwa anafoka.

"Bro, ulifiksi nini wewe?" akaniuliza nilipofika kwa mama yake, alikoirudisha kwa kuisukuma. "Engine ime-overheat! Watu ya kanisa wanakusifu fundi, fundi, kumbe fundi wa mdomo! Na Mama naye hata hakuona kama inavuja. Hawezi tena kuishi peke yake huyu, nitamutafutia nursing home."

Nikafungua kifuniko cha oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake gasketi, ile pakingi ya kuziba injini, imeungua na maji yameingia ndani. Mama Espoir alisimama mlangoni, ameshika pindo la kitenge chake, ananitazama. Neno moja tu kutoka kwangu lingelisafisha jina langu. Neno hilo hilo lingemfanya mama wa watu aonekane amechanganyikiwa, na pengine lingemtoa nyumbani kwake.

"Kosa langu," nikasema. "Klipu sikuikaza vizuri."

Nikaitengeneza, na sijawahi kutengeneza kitu kwa uangalifu kama ule. Nilifungua hedi, kile kichwa cha injini, nikaisugua kwenye msasa uliotandikwa juu ya kioo mpaka ikawa tambarare, nikaweka gasketi mpya. Nikamwaga ile oili iliyoharibika, nikaosha injini kwa oili safi, nikamwaga na hiyo, nikaweka nyingine. Maji ya rejeta niliyatia taratibu mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Ikawaka, ikatulia. Espoir akaisikiliza, hakunishukuru. Akaipakia kwenye pikapu yake na kuondoka nayo, akisema siku nyingine atatafuta fundi wa kweli; habari ya kumhamisha mama yake hakuitaja tena.

Baada ya hapo simu haikulia, na nilijua haitalia, kwa sababu hapakuwa na kitu kilichobaki cha kuharibika. Upweke wa siku zile sitaki hata kuusimulia. Nilikuwa narudi kutoka kazini, nakaa kitandani na koti langu, sioni sababu ya kulivua.

Jumapili moja sikuwa na zamu. Nikavaa viatu, nikatembea hadi kwake, bila spana wala bisibisi, bila kupiga simu. Nikabisha hodi.

Akafungua mlango kidogo. "Nani alikuita?"

"Hakuna aliyeniita, Mama."

"Pikipiki haiko."

"Najua."

Alinitazama, kisha akaufungua mlango wote. "Ingia, mutoto yangu. Sijapika kitu."

Tukanywa chai na mkate wa juzi, na sikumbuki chakula kilichonishibisha kama kile.

Basi nisikilize, mwanangu. Nyinyi siku hizi hamwendi kwa mtu mpaka mtumiane ujumbe, mpaka kuwe na shughuli. Asiyekuita si kwamba hakuhitaji, pengine amekosa tu kisingizio cha kukuita. Nenda ukamgongee. Na ukiwa mpweke wewe, sema, usione haya kama nilivyoona mimi. Wakikuuliza umefuata nini, waambie umewafuata wao. Mungu akupe watu, mwanangu, na akupe miguu ya kuwafikia wangali hai.