Masizi Chini ya Mabawa

Pikipiki imekwisha kung'oka mtaa wa Ndosho, inashuka kuelekea mtaa wa Himbi. Nyuma ameketi Mahamudi Ridhwani, fundi wa bati, amepakata ndege ya vita ya bati yenye urefu wa mkono, imefunikwa kitenge. Mteja anaisubiri.

"Polepole, Rémy! Bawa likipinda, ni weye utalinyoosha na meno."

"Muzee, mawe ya volkano hayanisikilize," anajibu dereva.

Riziki ya Mahamudi ni mbabula, majiko ya makaa anayoyakata kwenye madebe ya mafuta. Ndege hutengeneza akipata oda. Mteja huyu alitaka ndege iliyochoka, siyo mpya. Basi akakwaruza rangi kwa msasa, akapaka maji ya kutu, akapangusa. Picha alizotumiwa kwenye simu zilimwonyesha mgongo wa ndege tu. Tumbo hakulijua.

Tumbo alilijulia kilioni. Jirani yake Nyiramahirwe, muuza makaa aliyekimbia vita Masisi, aliketi mkekani akieleza bomu lilivyomuua mume wake shambani. Ndege ilipita chini sana, alisema. Masizi yalitambaa tumboni mpaka mkiani, na bawa moja lilikuwa na kiraka cheupe.

"Kwa kilio unasikiliza ili umubebee mwenzako uchungu kidogo," anasema Mahamudi leo, safari ile ikiwa imekwisha pita. "Miye nilimuuliza: kiraka kilikuwa bawa gani? Akajibu, la kushoto. Alifikiri ninamuhurumia."

Penye kona ya soko upepo unafunua kitenge. Nyiramahirwe, aliyeketi hapo na makaa yake, anajitupa nyuma ya gunia, mikono kichwani. Watu wanacheka. Rémy anasimamisha pikipiki, naye anacheka.

Mama huyo anainuka, anasogea. Anagusa kiraka cheupe kwenye bawa la kushoto kwa kidole chenye makaa.

"Muzee, kumbe kwa kilio yangu ulikuja na kipimo?"

Mahamudi anatazama viatu vyake. "Tuende," anamwambia Rémy.

"Ningeshuka," anasema sasa. "Ningeivunja palepale. Nilisema tuende."

Ndege ilifika. Mteja alilisifu tumbo, akaiweka juu ya kabati ofisini. Mahamudi alilipwa, akanunua madebe. Rémy bado anaendesha pikipiki. Nyiramahirwe alihamishia magunia yake mtaa wa Katoyi. Mbabula yake, ambayo zamani ilitengenezwa na Mahamudi, imetoboka kitako. Anapikia juu ya mawe matatu.

Mahamudi amekwisha kukata kitako kipya cha kuitosha. Kimetundikwa mlangoni.

"Nikimupelekea, itakuwa kama ninamulipa," anasema. "Ninaomba tu siku moja ailete mbabula mwenyewe, anitukane, nikiwa ninaigongea kitako."