Redio Niliyomfungia Baba

Harufu ya risasi ya kuungia nyaya inayoyeyuka juu ya mkaa, ikichanganyika na ya plastiki iliyoungua, hunirudisha hadi uani kwetu Kintinku, mwaka nilipokuwa darasa la sita. Ilikuwa kiangazi. Mtama ulikuwa umeshavunwa, vumbi liliingia mpaka kwenye kopo la chumvi, na nyumba ilikuwa na watu wawili tu, baba na mimi binti yake. Mama alifariki nikiwa na miaka mitatu, na sikumbuki hata sura yake. Nilichokuwa nacho ni picha yake moja ndogo ya kitambulisho, amekaza uso kama mtu aliyekatazwa kucheka. Baba alikuwa bwana mifugo, mwenye maneno ya kuhesabika. Ng'ombe aliwasemesha vizuri sana, kwa upole na kwa majina yao. Kwangu mimi nadhani hakujua aanzie wapi.

Kila asubuhi tulipanda mlima kwenda Kilimatinde kwa pikapu ya ofisi, yeye kazini, mimi shuleni, na jioni tukateremka pamoja. Njiani aliyezungumza ni redio: taarifa ya habari, salamu za wasikilizaji, matangazo ya vifo vya watu tusiowajua. Mawe na makorongo ya barabara ile yaliitikisa mpaka siku moja ikanyamaza kabisa. Fundi mmoja wa Manyoni alimpatia baba nyingine, iliyotolewa kwenye gari bovu, ila akamwambia soketi yake haiingiliani na ya pikapu na dawa ni kukata nyaya. Baba akakataa. Gari la serikali, alisema, halikatwi waya hata mmoja. Basi redio mpya ikawekwa juu ya kabati, nasi tukawa tunasafiri kwa mlio wa injini na debe la maji lililogongana na spana kule nyuma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; mimi niliusubiri mshindo huo siku saba nikihesabu nguzo za simu, na nilikuwa mpweke kuliko siku nilizoachwa nyumbani peke yangu.

Juma la pili, tulipofika pale mlima unapoanza, baba alikohoa na kusema, macho yakiwa barabarani, kwamba mama yangu alifika Kintinku kwa kukosea. Hakuwahi kumtaja mbele yangu. Nilibana pumzi nisije nikamkatiza. Tangu hapo alinipa kipande kimoja kila safari, kama mtu anayegawa sukari ya mwisho wa mwezi. Mama alikuwa Mnyiramba, anatoka Dodoma kujifunza ushonaji, anarudi kwao na cherehani ndani ya sanduku la mbao. Treni iliposimama Kintinku alidhani ni Manyoni, akashuka, na alipogundua kosa lake treni ilikuwa imeshaondoka. Akaketi juu ya sanduku lake katikati ya jua. Baba, kijana wakati huo, alikuwa amefika stesheni kuchukua dawa za mifugo. Ijumaa ya juma hilo simulizi ilifika pale baba alipomsogelea, akamsalimia na kujitolea kumbebea sanduku. Mama akamtazama kuanzia kandambili hadi kofia, kisha akamwambia neno. Hapo ng'ombe wakaziba barabara. Baba alisimamisha gari, akasalimiana na mwenye ng'ombe kwa Kigogo, mbukwa, mbukwa, wakaongea habari za chanjo hadi kengele ya shule ikasikika. Niliposhuka, aliinama dirishani.

"Alichoniambia mama yako nitakueleza Jumatatu," alisema. "Kile kinataka nafasi."

Nilipogeuka kumpungia mkono, nilimwona akifuta macho kwa mkono wa shati. Ndipo nilipopata wazo langu, na lilikuwa wazo la mtoto mwenye mapenzi mengi na akili kidogo. Nilijiambia kwamba baba anateseka, kwamba kimya cha gari ndicho kinachomkumbusha mama, na kwamba redio ikirudi ataponywa. Habari ya Jumatatu ningeipata vilevile. Haikunijia kabisa kwamba vitu hivyo viwili havikai katika gari moja.

Jumamosi, baba alipokwenda mnadani kwa lifti hadi Jumapili jioni, nilianza kazi. Nilikata mkia wa nyaya wa redio iliyokufa pamoja na soketi yake, nikakata na mkia wa ile mpya, ili niviunganishe viwili hivyo viwe kipande cha katikati, na nyaya za serikali zibaki salama. Kwanza nilifuata rangi, nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, nikaunguza fyuzi ya taa za dashibodi. Kumbe kila kiwanda kina rangi zake. Baada ya hapo niliacha kuamini macho. Nilichukua globu ya indiketa nikatafuta waya wenye umeme muda wote, kisha waya unaoamka ufunguo ukizungushwa. Nyaya za spika nilizitambua kwa betri ya tochi: ukizigusa kidogo, mlango wa gari unakwaruza kama panya ndani ya kapu. Nilichoma msumari mnene kwenye jiko, nikayeyusha risasi, nikaunga nyaya kumi na moja, na kila kiungo nikakizungushia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Jumapili mchana redio ililia. Nilicheka peke yangu ndani ya gari, na hapakuwa na wa kumwonyesha.

Jumatatu baba alizungusha ufunguo, na mtangazaji akatusalimu. Baba alinitazama, akatazama redio, akapitisha kidole kwenye viungo vyangu kimoja kimoja. "Umefanya kazi ya fundi, mama," akasema, na akaongeza sauti. Tulipanda mlima na taarifa ya habari. Nilimsubiri akohoe kule kukohoa kwake. Nilisubiri jioni, nikasubiri Jumanne, nikasubiri mpaka mvua zikaanza. Kuipunguza sauti nilitamani, lakini nilimwogopa, na haya pia nilikuwa nayo.

Mimi sasa ni mwalimu wa fizikia Singida mjini, na barabara ya kwenda nyumbani, ambayo zamani ingetuchukua nusu siku, naimaliza kabla chai ya chupa haijapoa. Mwezi uliopita nilimchukua baba kutoka kliniki Dodoma nimrudishe Kintinku. Ni mzee sasa, na kumbukumbu zake zinapukutika. Nilizima redio, nikamuuliza mama alimwambia nini siku ile stesheni.

"Alinisema, hilo nakumbuka," alijibu. "Maneno yenyewe yameondoka." Kisha, baada ya kilomita kadhaa: "Nilitaka kukueleza wakati ule. Ila nilipoona vile viungo nilijua umehangaika na nyaya siku mbili nzima, nikaona umechoka kunisikiliza."

Nilimwambia sikuwa nimemchoka, hata siku moja. Aliitikia kwa upole, kama anavyoitikia kila kitu siku hizi, na akageukia dirisha. Leo naweza kufunga redio ya gari lolote utakaloniletea, lakini duniani hakuna tena mtu anayejua mama yangu alisema nini akiwa ameketi juu ya sanduku lile.