Viatu Ndani ya Kihenge

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoingiza mkono kwenye kihenge cha uwele cha mama mkwe wangu, kule Kolo, nikatoa viatu vyangu vya safari. Vyote viwili. Panya hafichi viatu, na katika nyumba ile tulikuwa watu watatu tu: mimi, mume wangu Ramadhani, na mama yake. Nilikaa chini pale pale, sijui nicheke au nilie.

Nakusimulia haya kwa sababu tangu uje hapa Ihumwa kunisalimia umeinamia simu tu, unachagua nyumba ya wageni inayotazama bahari, wewe na mumeo mkapumzike. Chagua, sikukatazi. Lakini nisikilize kwanza, simu haitakimbia.

Ramadhani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ofisini kwao palikuwa na kalenda yenye picha ya ufuo wa Pangani. Aliitazama mwaka mzima. Tulipooana akaniahidi kwamba likizo ikifika tutakwenda huko, sisi wawili. Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe, kwa hiyo nilifurahi mpaka usingizi ukanipaa. Jioni moja, tukiwa tunakula ugali kwa mlenda, tukamwambia mama.

"Pangani?" akauliza. "Nani amefariki?"

"Hakuna, mama."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna."

"Sasa mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu," Ramadhani akasema. "Tutalala nyumba ya wageni, tuione bahari, turudi."

Mama akarudisha tonge sahanini, akanawa.

Kwetu sisi, mwanangu, mtu alisafiri kwenda msibani, harusini, au kumwona mgonjwa. Safari isiyo na mwenyeji watu huitafutia sababu. Kesho yake jirani akaleta chupa tumjazie maji ya bahari, eti dawa ya miguu. Shangazi yake Ramadhani akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba waganga wa pwani ni hodari, nisione haya, mimba itashika tu. Mimba gani, nami nimeolewa juzi? Nikazidi kuchanganyikiwa.

Mama naye akawa haeleweki. Leo ndege watamaliza uwele, tusiondoke. Kesho mbuzi anaumwa. Nikimwamkia anaitikia akitazama ukuta. Nilipomwuliza Ramadhani, akasema, "Hata mimi sielewi." Ndipo viatu vikapotea, na nilipovikuta kihengeni niliamini jambo moja tu, kwamba mama huyu hanitaki. Nikafungasha nguo zangu. Si za kwenda Pangani, za kurudi kwetu Kondoa mjini, na sikuwa na nia ya kurudi.

Bahati nzuri asubuhi ile alikuja mjomba Issa, kaka mkubwa wa mama. Akaliona furushi mlangoni. Nikamweleza yote, viatu nimevishika mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ulimwuliza dada yangu anaijuaje Pangani?"

"Hapana, mjomba. Si hajawahi kufika?"

"Hajafika. Aliyefika ni baba yetu. Alikwenda kukata mkonge. Dada alikuwa mtoto, akamsindikiza mpaka barabarani, akaahidiwa kanga. Zikaja habari za mdomo tu, kwamba amezikwa huko huko. Kwake yeye mji huo unachukua watu, haurudishi." Akanitazama kwa ukali. "Nyinyi mnajua basi linaondoka saa ngapi, mama yenu hamumjui. Kuuliza si ujinga, binti yangu. Ujinga ni huo wa kufungasha."

Niliona aibu sana. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilikuwa nimeutazama mtungi kwa nje tu.

Nikaenda shambani, nikamkuta mama anafukuza ndege. "Mama," nikasema, "twende wote."

"Nikafanye nini?"

"Sijui, mama."

Akaendelea kufukuza ndege. Lakini jioni nilivikuta viatu vyangu mlangoni, vimefutwa vumbi, na pembeni yake vimewekwa vya kwake.

Tulikwenda. Bahari yenyewe haikufanana na kalenda. Mto ulikuwa umeleta matope, maji yana rangi ya chai ya maziwa, Ramadhani akanuna. Kaburi la baba yake hatukulipata. Wazee wa huko walituonyesha walipozikwa watu wa mkonge, majani mpaka kiunoni, hakuna jina hata moja. Mama akasimama katikati, akawasomea Fatiha wote. "Kila mmoja ni baba wa mtu," akasema. Kisha akaomba apelekwe kwenye maji. Akaingia mpaka magotini, akacheka huku machozi yanamtoka. Mpaka leo sijui kilikuwa kicheko au kilio, na hilo sikumwuliza.

Tuliposhuka kwenye basi Kolo, yule jirani alikuwa anasubiri chupa yake. "Haya, mlikwenda kwa nani?" akauliza, maana swali hilo lilikuwa bado halijamtoka moyoni.

Kabla Ramadhani hajafungua kinywa, mama akasema, "Tulikwenda kwa baba." Akampa chupa, akatangulia nyumbani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kabla hujalipia chumba, litaje jina la mji huo mbele ya wazee wa pande zote mbili, uwatazame usoni. Mmoja akinyamaza, usimkasirikie. Kaa naye, umwulize taratibu, kwa sababu hapo unapokwenda kustarehe huenda pana mtu wenu ambaye hakurudi. Na ukikuta mzee amekufichia viatu, usikimbilie kufungasha. Usilolijua ni usiku wa giza, na gizani mtu hupiga hatua moja moja.

Mungu akufungulie njia wewe na mwenzio, bahari iwapokee kwa upole, na mlango huu uwaone mkirudi wote wawili, wazima. Nami, kama mna nafasi ya mtu wa tatu, viatu vyangu viko pale mlangoni.