Nilisema Shemeji Anahamia Timu ya Stesheni

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, msomaji asije akamtafuta mwingine wa kumlaumu. Jina langu naomba lisitiwe gazetini, ingawa watu wa mtaa wetu wa Chemchem, hapa Tabora, wakisoma haya watanitambua. Basi, na wanitambue!

Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli. Timu ya mtaa wetu ilikuwa ikifundishwa na mume wa dada yangu, nitamwita Mwalimu Hamisi. Mchana alishona nguo barazani kwake, jioni yuko uwanjani na filimbi yake. Hakuna aliyemlipa. Mpira ukipasuka aliushona mwenyewe.

Msimu ule tulifungwa, tukafungwa tena, mpaka watoto wa stesheni wakawa wanatuimba njiani. Nami nilikuwa na donge langu rohoni. Mwalimu alinitoa winga ya kulia akamweka mwingine. "Shemeji, miguu imekuwa mizito, pumzika kidogo," aliniambia kwa upole. Loo, jinsi nilivyomchukia kwa upole ule!

Washabiki walikuwa wakikutana sokoni, kwenye mabenchi ya muuza kahawa. Siku hizo maneno yalikuwa mamoja tu. Timu ya stesheni, wapinzani wetu wakubwa, haikuwa na mwalimu, maana Mzungu wa reli aliyekuwa akiwafundisha alikuwa amerudi kwao Ulaya. Je, Hamisi atakwenda?

"Hamisi hawezi," alisema Sadiki, muuza nyama. "Yule hata ukimpa treni nzima haendi."

"Mbona anapanga timu kama mtu aliyetuchoka?" akauliza mwingine. "Kule atapewa kazi ya reli, na nyumba juu yake. Wewe ungekataa?"

"Ningekataa!"

"Muongo mkubwa wewe!"

Wakacheka, kahawa ikamiminwa tena. Ndipo nilipofungua kinywa changu.

"Mimi nimemwona kwa macho yangu akitoka nyumbani kwa kiongozi wa timu ya stesheni. Tena si mara moja."

Kicheko kikakatika. Wote wakanigeukia, na muuza kahawa akanijazia kikombe bila kuombwa. Nikajiona mtu mkubwa!

Jamani, sikusema uongo, na hapo ndipo ubaya wangu ulipo. Mwalimu alikuwa akienda nyumba ile kweli, na mimi nilijua anafuata nini. Dada yangu alikuwa mjamzito, baada ya mimba mbili kuharibika. Alinieleza mwenyewe: "Nimekuambia wewe peke yako, mdogo wangu. Sitaki watu wajue mpaka nijifungue salama." Bi Tatu, mama mzazi wa kiongozi yule, ni mkunga. Alikuwa akija kumwangalia dada kimyakimya, na Mwalimu akienda kwake kuchukua dawa. Hayo tu!

Nilijua yote, nikanyamaza, nikanywa kahawa yangu.

Siku ya mechi na stesheni, Sadiki yule yule aliyemtetea alimsimamisha Mwalimu uwanjani mbele ya watu.

"Hamisi, nyumbani kwa wale unafuata nini?"

Mwalimu akanitazama. Alijua kwamba najua. Alingoja niseme neno, hata moja. Nikainama nikajifanya nafunga viatu.

"Nina shughuli zangu," akajibu.

Walimnyang'anya filimbi. Walimzomea mpaka kwake, wakaipindua cherehani yake barazani, na dada yangu amesimama mlangoni kashika tumbo. Wakaapa kwamba mtu yeyote wa stesheni akikanyaga pale atakiona. Bi Tatu, mtu mzima yule, akaogopa kuja tena.

Wateja wakamkimbia Mwalimu. Mwishowe akaamua kumpeleka mkewe kwa wazazi wake yeye Mwalimu, upande wa Sikonge. Masika ilikuwa imepamba moto. Lori walilopanda likanasa kwenye tope porini, na uchungu ukamshika dada humo humo. Mtoto alizaliwa kando ya barabara. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Habari zilipofika mjini, Bi Tatu alikwenda mwenyewe sokoni, akasimama mbele ya yale mabenchi.

"Alikuwa akija kwangu kwa ajili ya mkewe! Mpira? Hajautaja nyumbani mwangu hata siku moja. Mwanangu ndiye aliyemfuata baada ya ninyi kumfukuza, akamwomba achukue timu yao. Mnajua alijibu nini? Alisema, 'Vijana wa Chemchem nimewalea mimi. Nikawafundishe wengine namna ya kuwafunga?'"

Sadiki alilia kama mtoto. Nami nikalia, na watu wakanipa pole kwa msiba wa dada yangu. Walinipa pole! Hakuna aliyeuliza kama nilikuwa najua.

Nilipanda baiskeli nikaenda Sikonge kuomba radhi. Mwalimu alinipokea, akaniletea maji ya kunywa. Nikaita mlangoni, "Dada, ni mimi." Kisha nikasikia sauti yake kutoka ndani, akimwambia mama mkwe wake:

"Mpeni mgeni chakula, ale, aende zake."

Mgeni! Mimi niliyelala naye kitanda kimoja tukiwa wadogo!

Nilirudi bila kuuona uso wake, na mpaka leo sijauona. Mama huniuliza kila Idi kwa nini dada haji Tabora. Nami humjibu kwamba njia ni mbaya.

Ninyi mnaokaa vijiweni mkibishana nani anahama na nani anabaki, bishaneni, mpira ndivyo ulivyo. Lakini ukiwa unajua jambo la kumsafisha mtu, liseme pale pale, hata kama alikutoa kwenye timu. Mimi nilinyamaza siku moja tu. Leo niko tayari kulitangaza mji mzima, na halimsaidii tena mtu yeyote.